MONO NA STEREO: Sauti ya mwimbaji inapotelea wapi?

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongelee kitu ambacho kila mmoja wetu anakisikia kila siku ila wachache wanajua kinavyofanya kazi. Kwenye redio kimeandikwa, kwenye programu za muziki kimeandikwa, hata kwenye maboksi ya hedifoni kimeandikwa: MONO, STEREO. Ukimuuliza mtu tofauti yake anakujibu, "stereo ndo kali, mono ya kizamani." Jibu hilo halitoshi, na kuna mshkaji limemgharimu hela.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alijichanga miezi kadhaa akarekodi wimbo wake wa kwanza. Pale studio alivalishwa hedifoni kubwa, akasikia sauti yake imemzunguka kichwa kizima. Akafurahi, akalipa, akaondoka na faili lake. Jioni akawapigia masela kijiweni kwa simu yenye spika moja. Biti inagonga vizuri kabisa, lakini mwimbaji hayupo! Anasikika kwa mbali kama mtu anayeimba ndani ya pipa nyumba ya tatu. Masela wakacheka. Akanifuata kafe na flashi mkononi: "Kaka, sauti yangu imeenda wapi?"

Nitamjibu huko mbele. Kwanza misingi.

MONO NI NINI, STEREO NI NINI

Mono ni sauti ya njia moja, au tuseme chaneli moja. Ukiipigia kwenye spika moja ni mono, ukiipigia kwenye spika kumi bado ni mono, kwa sababu zote zinasema kitu kilekile kwa wakati uleule. Hapa wengi wanakosea. Idadi ya spika haifanyi sauti kuwa stereo.

Stereo ni sauti ya chaneli mbili zinazotofautiana, moja ya kushoto na nyingine ya kulia. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayokufanya uhisi gitaa liko huku, ngoma kule, mwimbaji katikati. Neno lenyewe limetoka Kigiriki, stereos, maana yake kitu kigumu chenye umbo. Kwa hiyo wazo la stereo ni sauti yenye umbo na nafasi. Kwamba iwe kubwa zaidi, hiyo haimo kabisa. Volyumu ni habari nyingine.

Na ule "mwimbaji wa katikati"? Pale katikati hakuna spika. Ubongo wako ndio unaomweka, kwa sababu sauti yake inatoka kushoto na kulia kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja. Shika hilo, tutalihitaji.

MASIKIO MAWILI YANA KAZI GANI

Mtu akikuita kutoka kulia, sauti inafika sikio la kulia kwanza, halafu la kushoto. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, na masikio yetu yameachana sentimita chache tu, kwa hiyo tofauti kubwa kabisa ya muda haifiki hata milisekunde 1. Ni kama milisekunde 0.6 au 0.7 hivi. Ubongo unaikamata!

Pia kichwa chenyewe kinaziba njia. Sauti nyembamba, kama filimbi, ikitoka kulia inafika sikio la kushoto ikiwa imepungua nguvu. Sauti nene, kama besi, inazunguka kichwa bila shida. Ndiyo maana mbu akilia gizani unajua yuko sikio gani, lakini besi ya disko la mtaa wa pili unahangaika kujua inatokea upande upi.

Stereo inatumia udhaifu huohuo wa ubongo. Inaupa tofauti ndogo za nguvu na muda, nao unajijazia picha nzima.

HISTORIA KWA KIFUPI

Thomas Edison alipotengeneza fonografu mwaka 1877, sauti iliingia kwa pembe moja na kutoka kwa pembe moja. Mono tupu. Lakini haikuchukua muda watu kuonja ladha ya stereo. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme mjini Paris, Mfaransa Clément Ader aliweka maikrofoni kwenye jukwaa la Opera akapeleka sauti kwa waya za simu. Wageni walishika visikilizio viwili, kimoja kila sikio, wakashangaa kusikia waimbaji wakitembea kutoka upande huu kwenda ule.

Mtu aliyeiweka stereo kwenye hesabu kamili ni Mwingereza Alan Blumlein, fundi wa kampuni ya EMI. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mkewe mtarajiwa, akakereka kuona mwigizaji yuko upande mmoja wa skrini huku sauti yake inatoka upande mwingine. Desemba 1931 aliomba hataza ya mfumo wake, akaipata mwaka 1933. Ndani yake alieleza namna ya kupanga maikrofoni mbili, na namna ya kuchora chaneli mbili ndani ya mfereji mmoja wa santuri. Januari 1934 alirekodi orkestra kwa stereo kwenye studio za Abbey Road. Blumlein hakuishi kuona kazi yake ikiingia majumbani. Alikufa Juni 1942 kwa ajali ya ndege, wakati wa majaribio ya rada ya vita, akiwa na umri wa miaka 38.

Huko Marekani, Aprili 1933, maabara za Bell zilirusha muziki wa orkestra ya Philadelphia hadi ukumbini Washington kwa chaneli tatu. Mwaka 1940 ikaja filamu ya Disney, Fantasia, yenye sauti ya chaneli nyingi. Lakini mtu wa kawaida alisubiri mpaka mwaka 1958, santuri za stereo zilipoanza kuuzwa madukani kwa wingi.

Na usidhani watu walihamia stereo siku hiyohiyo. Miaka ya 1960 mono ndiyo ilikuwa mfalme, kwa sababu redio na gramafoni nyingi zilikuwa na spika moja. Beatles walipomaliza albamu ya Sgt. Pepper mwaka 1967, kazi kubwa ya kuchanganya sauti waliifanya kwenye toleo la mono. La stereo lilifanywa haraka baadaye. Brian Wilson wa Beach Boys alitengeneza albamu ya Pet Sounds mwaka 1966 kwa mono, na yeye sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa. Albamu hiyo hadi leo inatajwa kati ya bora kuliko zote. Sasa aje mtu aniambie mono ni takataka.

Stereo za mwanzo nazo zilikuwa na vituko. Albamu ya kwanza ya Beatles, Please Please Me ya mwaka 1963, kwa stereo ina sauti za waimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine. Mkigawana hedifoni na rafiki yako, sikio moja kila mtu, mmoja atasikia watu wanaimba na mwenzake atasikia ngoma na magitaa. Mtabishana kama mnasikiliza wimbo mmoja!

REDIO ILIVYOWAJALI WENYE SPIKA MOJA

Hapa ndo patamu, na hesabu yake ni ndogo tu, msikimbie.

Marekani ilipoidhinisha FM stereo mwaka 1961, tatizo lilikuwa hili: mamilioni ya watu wana redio za mono. Ukirusha chaneli ya kushoto tu, watakosa nusu ya muziki. Mafundi wakafanya ujanja. Kituo kinarusha kwanza JUMLA ya kushoto na kulia. Redio ya mono inachukua hiyo, inapata wimbo wote. Halafu juu yake, kwenye masafa ambayo sikio halisikii, kinarusha TOFAUTI ya kushoto na kulia. Redio ya stereo inachukua vyote viwili:

Jumla + Tofauti = kushoto (mara mbili)
Jumla - Tofauti = kulia (mara mbili)

Basi, chaneli mbili zimerudi. Ile taa ndogo ya STEREO kwenye redio inawaka pale redio inaponasa alama maalumu ya kilohezi 19 ambayo kituo kinairusha kusema "hapa kuna stereo".

Faida kwako uliye mbali na mnara: ile tofauti inabebwa sehemu ambayo kelele za FM ni nyingi zaidi. Ndiyo maana mawimbi yakiwa dhaifu, redio inafanya "shhhhh". Kama ina swichi ya mono, bonyeza. Utapoteza upana, lakini ile shhhh itapungua sana na mtangazaji utamsikia vizuri.

Kaseti nayo, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ilipangwa kwa akili hiyohiyo. Kushoto na kulia ya upande mmoja wa kanda zimelala jirani jirani, ili kichwa cha redio ya mono kizisome zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana kanda ya stereo uliyoazima kwa mjomba ilipiga bila shida kwenye redio kaseti ya bibi yenye spika moja.

PINI IKILEGEA, MWIMBAJI ANAONDOKA

Hili kila mtu wa kafe limemkuta. Umevaa hedifoni, pini haijaingia vizuri au waya umechoka, ghafla unasikia vyombo na mwangwi lakini mwimbaji hayupo. Ukiisukuma pini ndani, anarudi. Unadhani kompyuta ina mapepo. Haina.

Pini ya hedifoni ya stereo ina sehemu tatu: kushoto, kulia, na waya mmoja wa kurudishia umeme unaotumiwa na pande zote. (Yenye maikrofoni ina sehemu nne.) Ule waya wa pamoja ukikatika, umeme unakosa njia ya kurudi, unalazimika kupita spika moja na kurudi kwa nyingine. Unachosikia hapo ni TOFAUTI ya kushoto na kulia. Sasa kumbuka: mwimbaji wa katikati yuko sawasawa pande zote mbili. Kitu ukitoa kitu hichohicho ni sifuri. Anafutika! Vinavyobaki ni vile vilivyo pembeni.

Programu nyingi za kutoa sauti ya mwimbaji ili upate biti ya karaoke zilianzia kwenye ujanja huu. Zinageuza upande mmoja juu chini, kisha zinajumlisha.

TURUDI KWA YULE KIJANA

Nikamchomekea flashi, nikamvalisha hedifoni. Kweli, wimbo mkubwa, sauti yake imejaa kila mahali. Nikabadili iwe mono, mwimbaji akayeyuka. Nikajaribu kitu: nikaichomoa pini nusu kama nilivyoeleza hapo juu. Unajua kilichotokea? Biti ikapotea, ikabaki sauti YAKE tupu, safi kabisa. Kinyume cha nyimbo zote za dunia.

Hapo nikajua. Prodyuza alitaka sauti "ipanuke", akaweka nakala mbili za sauti, moja kushoto na moja kulia, halafu moja akaigeuza juu chini. Kwenye hedifoni unapata raha ya ajabu, kwa sababu kila sikio linasikia lake na hazichanganyikani. Lakini simu ya spika moja inajumlisha kushoto na kulia. Kitu kikijumlishwa na kinyume chake, jibu ni sifuri. Kilichobaki ni mwangwi tu, ndo maana ilikuwa kama mtu ndani ya pipa.

Na si simu peke yake. Spika nyingi ndogo za Bluetooth ni za mono. Kumbi nyingi za muziki zinafungwa mono ili aliye kona ya kushoto asikose kinachopigwa kulia. Honi za matangazo ni mono. Kwa maneno mengine, wimbo wake ungekufa kila mahali ambapo watu wengi wangeusikia.

Akapiga simu studio aombe warekebishe. Akajibiwa kwamba kazi imeshafutwa kwenye kompyuta. Kijana akainamisha kichwa. Hela imekwenda, wimbo hauna mwenyewe.

Sasa angalieni hesabu. Kushoto kuna biti + sauti. Kulia kuna biti - sauti. Vikikutana ndo vinauana. Je, vikikaa mbalimbali? Upande wa kushoto peke yake una kila kitu! Tukafungua Audacity, programu ya bure, tukaitenganisha traki ya stereo kuwa traki mbili za mono, ya kulia tukaifuta, ya kushoto tukaihifadhi kama mono. Dakika tano. Tukauweka kwenye simu yake, akabonyeza, akajisikia anaimba. Sitasahau uso wake.

Si dawa kamili. Kuna kinanda kilichokuwa upande wa kulia tu, kimekwenda na maji, na ule upana haupo tena. Dawa kamili ingekuwa kufungua kazi ya asili na kuigeuza ile nakala. Lakini wimbo umepona, na uliouponya ni mono.

LIPI LITUMIKE WAPI

Tumia MONO kama:
- Unarekodi mtu mmoja anaongea: mahojiano, mawaidha, mahubiri, hadithi za babu. Mdomo ni mmoja, maiki moja inatosha.
- Sauti itapigwa kwenye honi au spika moja.
- Unataka faili dogo.

Tumia STEREO kama:
- Unarekodi kundi: kwaya, ngoma, taarabu yenye fidla, kanuni na dumbaki kila kimoja mahali pake.
- Unataka msikilizaji ahisi yupo pale: soko, mvua, harusi.
- Ni muziki wa kusikilizwa kwa hedifoni.

Kuhusu ukubwa wa faili, maana bando ni hela: wimbo wa dakika 4 wa ubora wa CD usiobanwa ni kama megabaiti 42 kwa stereo na 21 kwa mono. Ila MP3 ina mtego. Ukubwa wake unategemea kiwango cha kilobiti ulichochagua. Kilobiti 128 kwa sekunde kwa dakika 4 ni karibu megabaiti 3.8, iwe mono iwe stereo! Ukigeuza hotuba kuwa mono, shusha pia kiwango hadi 64. Itakuwa kama megabaiti 1.9 na maneno yatasikika vizuri tu.

UKIREKODI MWENYEWE

1. Hakikisha maiki inaingia pande zote. Kosa kubwa la mahojiano ni sauti kutoka sikio moja tu. Maiki moja ikichomekwa kwenye tundu la stereo mara nyingi inajaza kushoto peke yake. Ukishakosea, usijumlishe pande mbili, maana nguvu itapungua nusu. Futa upande ulio kimya, ule wenye sauti ufanye mono.

2. Kwa stereo ya maiki mbili, njia rahisi ni kuzikutanisha vichwa, zikitazama pande tofauti kwa nyuzi 90. Redio ya Ufaransa ilikuwa na mtindo wake ambao bado unatumika duniani: maiki zinaachana sentimita 17, nyuzi 110. Ukiangalia, 17 ni karibu na upana wa kichwa cha mtu.

3. Watu wawili, maiki mbili? Umbali kati ya maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maiki yake. Zikikaribiana zinaibiana sauti na mazungumzo yanakuwa na mlio wa bomba.

4. Besi na mwimbaji mkuu waweke katikati. Vya kupamba ndo vipeleke pembeni.

5. Kabla hujalipa studio, sema hivi: "Naomba nisikie kwa mono." Kazi nzuri ikigeuzwa mono inapungua upana, lakini hakuna kinachopotea. Kikipotea kitu, usitoe hela. Na omba nakala ya kazi yote, usichukue wimbo uliokamilika tu.

6. Ukisikiliza stereo kwa spika, ziweke ili wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Zikirundikwa juu ya kabati moja, stereo yote inakuwa bure.

NA WENYE SIKIO MOJA

Kuna ndugu zetu wanaosikia sikio moja tu. Kwao ule wimbo wa Beatles ni ama waimbaji bila vyombo, au vyombo bila waimbaji. Simu janja nyingi zina sehemu ya kugeuza sauti yote kuwa mono, iko kwenye mipangilio ya ufikivu. Kama nyumbani una mzee anayelalamika kwamba hedifoni "inaruka maneno", mwashie hiyo kabla hujamwambia amezeeka. Hata wewe mwenye hedifoni iliyokufa upande mmoja, itakusaidia mpaka upate hela ya nyingine.

Kwa hiyo wadau, hakuna kali wala ya kizamani hapa. Stereo inakuonyesha vitu viko wapi, mono inahakikisha vimefika. Fundi mzuri anazisikiliza zote mbili kabla hajasema amemaliza.

Yule kijana anarekodi wimbo wa pili sasa hivi, na safari hii ameenda studio na simu yake ya spika moja mfukoni. Kama na wewe yamekukuta, au wewe ni prodyuza na unaona nimekosea mahali, maoni yako hapo chini. Matusi hapana, hoja ruksa.

Nawakilisha.